Waya Ulio Wazi

Mwezi uliopita nilikwenda Bumula kwenye arobaini ya Mama Zubeda, na tangu nirudi sijakaa sawa. Nimepika nikaunguza, nimeloweka nguo nikazisahau kwenye beseni hadi zikanuka. Watoto wananiuliza nina nini, nami nawaambia ni uchovu wa safari, ingawa kutoka hapa Bungoma mjini hadi Bumula si safari ya kumchosha mtu. Ukweli ni kwamba nilikutana huko na watu wawili ambao sikuwa nimewaona pamoja tangu mwaka wa 2005, na mmoja wao akafanya jambo dogo pale uani. Wengine walilitazama wakaendelea kula pilau yao. Mimi lilinirudisha Kitale, kwenye chumba changu cha mabati na karakana iliyokuwa mbele yake. Acha nieleze mwaka wenyewe kwanza.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nikiuza dawa katika duka moja la mifugo, na nilikuwa nimepanga chumba karibu na msikiti. Vyumba vyetu vilikuwa kwenye mstari mmoja, vimetenganishwa kwa plaiwudi nyembamba, kiasi kwamba jirani akigeuka kitandani ulijua amelala upande gani. Jirani yangu alikuwa Baba Zubeda, fundi wa baiskeli mwenye ile karakana, pamoja na mkewe. Zubeda mwenyewe alikuwa ameshaolewa mbali, na nafikiri ndiyo maana Mama Zubeda alinichukua haraka hivyo kama mwanawe. Wiki ya pili tu aligonga plaiwudi kwa mwiko, nikatoka mbio nikidhani kuna moto. Kumbe ananiita kula. Kuanzia hapo mlio wa mwiko ndio uliokuwa saa yangu ya jioni: ugali na mrenda, au kunde zilizoungwa kwa maziwa, na Ijumaa pilau yenye nyama chache ambazo mama huyo alizisukuma upande wangu wa sinia akijifanya anapanga wali. Mpaka leo sijala mahali nikashiba vile. Walikuwa watu wa Bumula, nami ni wa huko huko Bungoma, kwa hivyo tuliongea tukichanganya lugha ya nyumbani na Kiswahili chetu cha bara, kila mtu na r zake mahali pa l, na hakuna aliyemcheka mwenzake.

Siku hizo baiskeli za gia, ambazo kila mtu Kitale aliziita maunteni, zilikuwa zimeanza kujaa mjini. Zilikuja zikiwa zimetumika ng'ambo, zikashushwa Eldoret, zikapanda kwetu. Waendesha boda boda wa baiskeli walizidharau mwanzoni kwa kuwa breki zake hazikuwa zile za vyuma vinene walizozizoea. Breki ya maunteni ni waya mwembamba tu, unaotoka kwenye mkono wa breki hapo juu ya usukani hadi gurudumu la nyuma. Nyingi zilikuja na waya uliovishwa mpira mweusi, tuliouita kava, mwanzoni na mwishoni peke yake; katikati, chini ya chuma cha juu cha fremu, waya ulipita uchi. Sasa matope ya barabara ya Endebess yaliingia kwenye vile vipande vya kava, waya ukakwama, ukibana breki haiachii, ukibadilisha gia cheni inakaa pale pale. Basi baadhi ya wenye baiskeli wakaanza kutaka kava moja ndefu isiyokatika, kutoka usukani hadi gurudumu, waya usionekane popote. Wengine wakakataa, wakisema kava ndefu inaifanya breki iwe nzito mkononi, na maji yakishaingia humo yanakaa yakiula waya bila mtu kujua. Karakana ikagawanyika. Asubuhi nikipita kwenda kazini nilikuwa nikiwasikia wakitaniana wakisubiri abiria, hawa wanaitwa watu wa uchi, wale wanaitwa watu wa koti.

Mkuu wa watu wa uchi alikuwa Baba Zubeda. Hakuna aliyemshinda kwa ubishi. Aliichukua baiskeli, akaipindua, akachota mafuta ya kukamulia ng'ombe kutoka kwenye kopo lililopasuka ambalo nilimletea kutoka dukani kwetu, halafu akapitisha kidole gumba na cha shahada kwenye waya, polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho, macho yakiwa yamefumbwa. Sote tulidhani yale ni madaha ya ufundi. Akifika mahali ambapo uzi mmoja wa waya umekatika, alisimama. "Hapa imeanza kuchoma," alikuwa akisema, na ukitazama kidole unaona tone la damu. Vidole vyake vile viwili vilikuwa na matundu madogo madogo, Mama Zubeda alivipaka mafuta ya nazi kila jioni kabla ya kula. Mtu akimtajia kava ndefu alisema waya uliofunikwa ni waya mnafiki, unaoza huku unapendeza, halafu unakukatikia katikati ya mteremko. Hoja zilikuwa za kweli kabisa. Hata sasa nikizipima siioni iliyokuwa na kasoro.

Jioni, baada ya swala ya magharibi na kabla ya mwiko kugonga, nilikuwa nikisikia mchezo fulani upande wa pili wa plaiwudi. Mama Zubeda anauliza, "Na hapa?" Mumewe anajibu, "Bado." "Na hapa?" "Bado." Mara nyingine waliendelea hivyo mpaka nikachoka kusikiliza. Nilikuwa msichana, sikuwa na mtu, na nilidhani watu wazima waliokaa pamoja muda mrefu wana michezo yao. Nilitabasamu peke yangu huku nikivua viatu. Nikawaonea wivu hata. Sasa nikikumbuka lile tabasamu langu natamani kulifuta usoni mwangu.

Jioni moja nilipeleka sahani niliyokuwa nimeazima, nikakuta mlango uko wazi. Walikuwa wamekaa kwenye vigoda wakitazamana. Mama Zubeda alikuwa ameinua mwiko karibu na sikio la mumewe, akauleta mbele taratibu. "Na hapa?" Bado. Akausogeza kwenye shavu. "Na hapa?" Bado. Aliusogeza mpaka ukafika karibu mbele ya pua ndipo mzee akasema, "Hapo nauona." Mama Zubeda aliniona juu ya bega lake. Hakushtuka, hakuficha mwiko, alinitazama tu. Na Baba Zubeda, ambaye nilikuwa hatua moja kutoka ubavuni mwake, nikiwa nimeshika sahani nyeupe, hakujua kwamba kuna mtu. Niliiweka ile sahani chini bila sauti nikarudi chumbani kwangu, na mwiko ulipogonga baadaye nilienda nikala kama kawaida. Hapo ndipo nilipoona kwamba anakula upande wake wa mbele tu wa sinia. Mboga iliyokuwa pembeni alikuwa anasogezewa.

Mama Zubeda alinieleza siku chache baadaye, tukichambua mchele nje, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua. Ilikuwa presha ya macho. Hospitalini walikuwa wamemwambia kwamba kilichokwenda hakirudi, na yale matone waliyompa ni ya kulinda kidogo kilichobaki. Giza lilikuwa limeingia kutoka pembeni zote mbili, likibana kidogo kidogo, na sasa hata hapo katikati ukungu ulikuwa umeanza. Wao walikuwa wakipima kila jioni kujua limefika wapi. Nikaelewa ubishi wote wa karakana kwa mara moja, na moyo ukaniuma. Waya ulio wazi aliweza kuusoma kwa vidole. Uliofunikwa ungemtaka macho. Mama Zubeda aliniomba nisimwambie mtu, kwa sababu nani atampelekea breki fundi asiyeona, na mumewe bila zile baiskeli angekaa afanye nini? Nilikubali. Ningekataa nikafanye nini mimi?

Nilikuwa nikilala nikiwaza kwamba nafanya kazi kwenye duka lililojaa dawa hadi darini. Dawa ya kupe, ya minyoo, ya kiwele kilichovimba, ya ng'ombe asiyetaka kusimama. Siku moja Mama Zubeda aliingia dukani. Hakuwahi kuja. Alisimama upande wa wateja, akanisalimia kama hatujuani, akasema ana ndama. Ndama huyo, akasema, anagonga ukuta akipita, haoni pembeni, na alikuwa amesikia kwamba dawa za ng'ombe zina nguvu kuliko za watu. Mwenye duka alikuwa nyuma yangu akipanga makopo. Wakulima walizoea kutuomba dawa za mifugo kwa ajili yao wenyewe, wengine walijipaka dawa ya kwato kwenye nyufa za miguu, na kwa kawaida tulicheka nao tukawafukuza. Nilichukua ile tyubu ya marhamu ya macho ya ng'ombe nikaishika. Nikamwambia hii ni ya macho mekundu, yenye usaha. Ndama wako hana usaha. "Hakuna ya yule ambaye macho yake yanapendeza tu?" aliuliza. Nikamwambia hakuna. Akanishukuru vizuri, akavuta leso yake, akatoka, na jioni mwiko ukagonga kama kawaida na hatukuzungumza habari ya ndama.

Aliyeyafikisha mambo ukingoni alikuwa Njoroge. Alikuwa kijana wa rika langu, wazazi wake walihamia Endebess kutoka Nyeri, na kila asubuhi alishuka mjini kwa maunteni, mitungi miwili ya maziwa imefungwa nyuma. Maneno mengi, meno meupe, na alimpenda Baba Zubeda sana, alimwita mzee wake. Mvua za mwaka huo zilimtesa. Matope yaliziba waya wake hata akawa anashuka huku kiatu kimekanyaga tairi kiwe breki. Mwishowe akasafiri hadi Eldoret akarudi na kava ndefu nyeusi, imekunjwa kama nyoka ndani ya mfuko wa plastiki, akaiweka kwenye meza ya karakana mbele ya watu wote.

"Si unifungie tu, mzee wangu. Ati lazima waya ionekane, kwani ni bibi harusi?"

Watu walicheka, wa koti na wa uchi wote. Baba Zubeda alianza hoja zake, lakini safari hii Njoroge hakuwa na ubishi, alimsihi. Alisema mama yake hataki tena kumwona akitoka na mitungi. Alisema mzee akikataa ataipeleka kwa fundi mwingine, ingawa hataki, kwa sababu hao wengine hawamjui. Niliona Baba Zubeda akigeuza kichwa chote kumtafuta kijana alipo, kisha akaipapasa ile kava. Akamwambia aiache baiskeli, aje Jumatatu.

Jumapili duka letu lilifungwa. Nilifua, nikaanika, na muda wote nilimsikia mbele kule akivuta waya, akiutoa, akiuvuta tena. Chakula cha mchana kilipoa. Mama Zubeda alikaa mlangoni na chungu cha mchele mapajani bila kuchambua. Alasiri Baba Zubeda aliniita mwenyewe.

"Nafula, kuja, mama. Wewe macho yako ni mazuri?"

Nilimwambia ni mazuri. Akanionyesha mahali ambapo waya ulikuwa ukiingia kwenye mdomo wa kava, akaniuliza kama nyuzi zote zimeingia. Nikapiga magoti. Mmoja ulikuwa umebaki nje, umejikunja nyuma na kufichwa na kifuniko cha chuma, mahali ambapo kidole hakingefika hata kwa bahati. Nikamwambia. Alitikisa kichwa polepole, akautoa wote, tukaanza upya, yeye akisukuma na mimi nikitazama. Pale fremu ilipokuwa na vishikio vidogo visivyopitisha kava nene, tuliifunga kwa vipande vya blada ya tairi iliyokatwa, kimoja baada ya kingine, na hivyo alivifunga vizuri kuliko mtu yeyote mwenye macho. Tulipomaliza alibana breki. Gurudumu likasimama. Akaachia, likazunguka. Nilifurahi hata nikapiga makofi, nikamwambia basi nitakuja kila jioni nikitoka kazini, yeye afanye, mimi nitazame, na hakuna mtu atakayejua.

Baba Zubeda alikuwa akifuta mikono. "Hapana, mama," alisema. "Kesho wewe utaolewa, ama ushikwe na homa. Na huyu kijana anashuka na maziwa ya mamake. Breki ya mtu siwezi kufunga na macho ya kuomba." Alipapasa akitafuta kitambaa kilichokuwa kwenye goti lake. "Hii ndiyo ya mwisho."

Nilibishana naye. Nililia hata, nikamwambia ni kiburi, neno ambalo mtu wa umri wangu hakupaswa kumwambia mzee. Hakukasirika. Mama Zubeda alinyanyuka akaenda kuwasha jiko, na kwa namna alivyonipita bila kunitazama nilijua kwamba wao wawili walikuwa wameyamaliza haya maneno kabla yangu.

Kilichofuata hata sasa kinanikera. Njoroge alikuja Jumatatu, akaipanda ile baiskeli, akashuka nayo na matope yote ya Endebess, na breki ilimshika vizuri kuliko alivyoota. Akazunguka mji mzima akisifu. Ndani ya wiki moja watu wa uchi walikuwa wameisha; kila mtu alitaka koti, na alitaka lifungwe na Baba Zubeda. Walipanga foleni. Alikuwa na wateja wengi kuliko wakati wowote na hakuweza kumchukua hata mmoja. Aliwaambia amechoka, aliwaambia mgongo, na wao wakasema fundi sasa anaringa. Niliwasikia wakisema hivyo kutoka kwenye ngazi za duka letu, nikiwa na ulimi mdomoni na ahadi niliyoiweka, na nikarudi ndani kuuza dawa ya minyoo. Kabla mwaka haujaisha vifaa vilikuwa vimeuzwa na lori dogo limekuja. Njoroge ndiye aliyebeba kitanda akakipandisha. Aliwaambia wote ni vizuri mzee arudi nyumbani apumzike. Jioni ile nilikaa kitandani, sikupika. Saa ya kula ilipopita ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nikingoja mwiko.

Sasa turudi Bumula, mwezi uliopita. Dua zilikuwa zimekwisha na sinia za pilau zilikuwa zikizunguka uani. Baba Zubeda alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, kanzu safi, macho yametazama mahali ambapo hapakuwa na kitu. Yamebaki mazuri vile vile, mtu asiyejua angedhani anaona. Nilimwambia mimi ni Nafula, akanishika mkono akauweka juu ya goti lake akaukalisha hapo. Ndipo pikapu ikaingia, na Njoroge akashuka. Siku hizi anaishi Kiminini, amenenepa, ana sukari, na daktari amemwambia aendeshe baiskeli. Alikuwa amelia barabarani, ilionekana, na kwa sababu hakujua aje na nini kwa mzee wake aliyefiwa, alikuwa amekuja na baiskeli yake mpya nyuma ya pikapu ili amwonyeshe. Sijui mtu mwingine ambaye angefikiria hivyo. Aliishusha akaisogeza mpaka mbele ya kiti. "Mzee wangu, ishike hii uniambie," akasema.

Baba Zubeda aliinuka. Mikono yake ikaupata usukani, ikatabasamu, kama mikono inaweza kutabasamu, na vile vidole viwili vikashika waya pale kwenye mkono wa breki vikaanza kuufuata. Vilikwenda kiasi cha shubiri moja. Hapo kava iliingia kwenye tundu la fremu ikapotea. Alirudi mwanzo, akidhani amepotea yeye, akafuata tena, akafika kwenye lile tundu. Njoroge alicheka kwa upendo akamwambia siku hizi zote zinapita ndani ya chuma chenyewe, hawaachi kitu nje. Mzee aliitikia kwa kichwa. Lakini hakuacha. Alifungua kiganja chake akakilaza kwenye kile chuma laini kilichopoa, akakisogeza nyuma kidogo kidogo, na midomo yake ikawa inasema kitu. Njoroge alikuwa ameshageuka kupokea sahani. Mimi niliinama karibu.

"Na hapa?" alikuwa akisema, kwa sauti nyembamba ambayo haikuwa yake. Kiganja kikasogea. "Na hapa?"

Akafika karibu na gurudumu, kiganja kikasimama kama kinachompa mtu nafasi ya kujibu, kisha akajibu mwenyewe.

"Bado," alisema.